Mfa Maji Hapigi Kelele

Jumapili iliyopita tulifunga msimu. Tuliogelea kilomita 4 ndani ya mwamba, tukifuata ufuo wa Bamburi, watu 19 wenye kofia za rangi ya machungwa, na kando yetu ngalawa moja ya mzee mmoja aliyekuwa akituchunga. Kaskazi imeanza kulegea. Wiki chache zijazo kusi itashika bahari, maji yatachafuka, mwani utajaa ufuoni, na sisi wa kuogelea baharini tutarudi kwenye mabwawa ya kloroni au tutakaa nyumbani tukihesabu kilo zinavyorudi. Kwa hivyo tulisherehekea. Kulikuwa na mishkaki, viazi karai, keki yenye picha ya wimbi, na medali za mbao zenye utepe wa buluu. Mtu mmoja alilia akivishwa medali yake. Mtu huyo ni mimi.

Nalisema hilo mapema ili mtu asiniambie nina wivu ama sikualikwa. Nilikuwepo, nilikula, nilipiga picha na zote nilizipandisha mtandaoni. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 26, na miaka mitatu iliyopita nisingeweza kumaliza mita 25 bila kushika ukuta. Kwa hivyo nilikuwa na sababu ya kulia. Lakini siku saba zimepita na medali iko juu ya friji, na kila nikiitazama nasikia aibu. Nimeamua kuandika kwa nini.

Sherehe yetu ilikuwa kwenye bustani tuliyokodi, upande wa bahari, nyasi zilizokatwa vizuri kama zulia. Kati ya nyasi na mchanga kuna kamba, na kando ya kamba kuna askari. Sisi tulipita. Hakuna aliyetuuliza kitu, kofia za machungwa zilitosha kuwa kitambulisho. Mzee wa ngalawa alibaki nyuma akivuta chombo chake juu ya maji kujaa, kisha akaja naye, miguu ina mchanga, shati limelowa. Askari akamsimamisha. "Wee ni wa nani?"

Si "wewe ni nani". Ni "wa nani", kama mzigo.

Tulisikia. Nasema tulisikia kwa sababu muziki ulikuwa haujaanza. Mtu mmoja wetu alisema, "Atawekewa sahani," na wengine tukaendelea kujipanga kwa picha ya pamoja. Dakika 20 zilipita kabla sijachukua sahani na kuvuka kamba. Hizo dakika 20 ni zangu, simsingizii mtu.

Nilimkuta ameketi juu ya mchanga, mgongo kwa ngalawa yake, pamoja na vijana wawili wa kukodisha tyubu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo mmemaliza?"

"Tumemaliza. Asante kwa kutuchunga msimu mzima."

Akacheka. "Mie nawachunga? Mie nawatazama tu. Kuogelea sijui mie."

Nilidhani ni utani. Wazee wa Pwani wana utani mkavu, usipokuwa makini unaondoka nao nyumbani kama ukweli. Lakini hakuwa anatania. "Bahari naijua," akasema. "Upepo naujua, mikondo naijua, samaki walalapo napajua. Kuogelea sikufunzwa. Ngalawa ikipinduka, twaishika ngalawa."

"Na ikikuponyoka?"

Akainua mabega, akachukua mshikaki. "Basi siku yangu imefika."

Hebu tulia hapo kidogo na mimi. Kwa miezi minne mtu huyu alikuwa ndiye usalama wetu. Sisi tulikuwa na filimbi. Kila mmoja wetu alikuwa na boya la plastiki limefungwa kiunoni, lile la rangi kali ambalo mashua inaliona kwa mbali. Tulikuwa na karatasi ya masharti tuliyotia sahihi. Kundi letu la WhatsApp lina mamia ya jumbe kuhusu miwani ipi haifanyi ukungu na mafuta gani huzuia kuchubuka kwapani. Yeye alikuwa na kasia. Hakuwa na boya wala jaketi la kuokolea. Na katika watu 19, wenye digrii na kazi za ofisini na hotuba ndefu kuhusu jamii, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza swali la maneno matatu: babu, unajua kuogelea?

Angepinduka yeye, tungemwokoa vipi? Tungejua hata kama anazama? Nina sababu ya kuuliza.

Nilikulia Nairobi, upande wa Mashariki. Mvua za masika zikinyesha, mashimo ya machimbo ya mawe yalijaa maji, na kwetu sisi watoto hiyo ndiyo ilikuwa bahari. Hakukuwa na nyingine. Bwawa la kulipia lilikuwa mbali na la bei, na nauli ya mathree ilikuwa bajeti ya unga. Nilikuwa na miaka 12, binamu yangu 14. Aliingia, akaenda mbele kidogo, akasimama mahali ambapo ardhi iliisha ghafla. Nilikuwa ukingoni nimeshika viatu vyake. Nilimwona. Alikuwa ametutazama, kichwa kimeinama nyuma, mdomo wazi, mikono imenyooka pembeni kama mtu anayejaribu kupanda kitanda kirefu. Hakuita. Hakupunga mkono. Sote tulifikiri anacheza. Mmoja wetu alimcheka.

Hakupiga kelele hata moja, ndugu zangu. Alienda chini kama mtu aliyeamua kukaa.

Kwa miaka mingi niliona haya ni siri yangu: kwamba nilitazama na sikufanya kitu. Kisha nikajifunza kuogelea, na siku ya tatu kocha wetu akatuambia jambo ambalo lilinifanya nitoke majini nikaketi. Alisema anayezama kweli huwa kimya. Baadaye nilitafuta na nikasoma. Kuna mlinzi wa ufuo wa New York, Francesco Pia, aliyerekodi filamu za watu wakizama na kuokolewa, akaeleza kile mwili unachofanya. Mdomo uko usawa wa maji, unazama na kuibuka. Ukiibuka kuna nafasi ya kupumua tu, hakuna pumzi ya kuita. Mikono inasukuma maji chini kwa pembeni, yenyewe, huwezi kuiamuru ipunge. Mwili umesimama wima na miguu haisaidii. Yote hayo huchukua kama sekunde 20 hadi 60, basi.

Sasa rudi kwa methali zetu. Sote tulifundishwa shuleni kwamba mfa maji haachi kutapatapa. Tukaiandika kwenye insha, tukapewa alama. Kama methali ya siasa na mapenzi, sina neno, itumieni. Lakini kama habari ya maji, methali hiyo imetudanganya. Tulisimama ukingoni tukingoja kutapatapa. Hakukuja. Kuna nyingine inayosema mfa maji hukamata maji, na hiyo, naona, aliitunga mtu aliyewahi kusimama karibu na kutazama vizuri. Ndivyo ilivyo hasa. Mikono inayakamata maji kana kwamba ni ngazi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu kama laki tatu walikufa maji duniani, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani kwetu. Umoja wa Mataifa umeitengea jambo hili siku yake, tarehe 25 Julai. Uliwahi kuisikia? Mimi sikuisikia kwa mwogeleaji yeyote ninayemjua. Tunajua tarehe za mashindano yote hadi Cape Town, hiyo moja hatuijui.

Nikisema hivi mtaani, jibu la kwanza huwa ni kicheko. "Manze, sisi si watu wa maji." Ati mifupa yetu ni mizito. Ati maji ni ya Wazungu na samaki. Nimeyasikia kwa bodaboda, kwa daktari, kwa mjomba wangu wakati wa matanga ya yule yule binamu. Hebu tuumalize uongo huu.

Wasafiri wa Ulaya waliofika Afrika Magharibi karne nyingi zilizopita waliandika kwa mshangao jinsi watu wa huko walivyoogelea na kupiga mbizi, wakirusha mkono mmoja baada ya mwingine, wakati Ulaya yenyewe ilijua zaidi mtindo wa chura. Mwanahistoria Kevin Dawson amekusanya ushahidi huo kwenye kitabu kizima. Hatukuzaliwa tukiogopa maji. Tulitengwa nayo. Anthony Nesty wa Suriname alichukua dhahabu ya Olimpiki kule Seoul mwaka 1988. Simone Manuel wa Marekani akachukua ya kwake Rio mwaka 2016. Mkenya Jason Dunford alishinda dhahabu ya mita 50 mtindo wa kipepeo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi, mwaka 2010. Na kwa sisi wa maji ya wazi, Alice Dearing, ambaye mama yake ni Mghana, aliogelea kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Tokyo, mwanamke Mweusi wa kwanza kuiwakilisha Uingereza katika kuogelea kwenye Olimpiki. Mwaka huo huo wa 2021 shirika la kimataifa la kuogelea lilikataa kofia ya Soul Cap iliyotengenezwa kwa nywele kama zetu, kisha mwaka uliofuata likairuhusu. Kwa hivyo usiniambie habari za mifupa. Niambie nani ana bwawa, nani ana kocha, na nani amewekewa kamba na askari.

Kuhusu kamba, sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Mchanga ambao yule mzee aliketi ni wake na wako. Shida ni kwamba mchanga ni wa umma na njia ya kuufikia ni ya mwenye geti. Tembea kutoka Nyali hadi Shanzu uhesabu kuta, kisha uhesabu vichochoro vya umma. Ndiyo maana Desemba ikifika, familia zote za bara na za Kisauni zinabanana pale Jomo Kenyatta, ufuo tunaouita Pirates, watoto juu ya tyubu za magari, mama zao wamesimama na leso zimelowa hadi magotini, macho kwa mtoto, na wao wenyewe hawawezi kwenda hatua kumi mbele. Mahali penye watu wengi zaidi wasiojua kuogelea ndipo penye nafasi ndogo zaidi. Mahali penye nafasi, sisi 19 tunapiga kilomita zetu kwa raha.

Halafu kuna kivuko. Watu laki kadhaa huvuka Likoni kila siku. Nami nimevuka humo mara zisizohesabika, nimebanwa kati ya mkokoteni wa maji na mama mwenye kuku, na baada ya kujifunza kuogelea nilianza tabia mbaya ya kutazama nyuso na kujiuliza nani angeweza kuelea. Mji huu una kumbukumbu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Watu 272 walikufa. Ilikuwa takriban mita 40 kutoka nchi kavu.

Mita 40. Bwawa la Olimpiki lina mita 50.

Sitaki kunukuliwa vibaya. Chombo kilichojazwa kupita kiasi kikipinduka, hata bingwa anaweza kunaswa chini ya vyuma na watu. Aliyejaza ndiye mwenye kosa la kwanza, na hakuna somo la kuogelea linaloweza kufuta kosa hilo. Lakini mita 40 zinaniuma. Sisi tunaita umbali huo kupasha mwili. Zinaniuma zaidi kwa kuwa zaidi ya miaka 30 imepita na ukisimama leo kwenye kivuko kile kile utawakuta watu wale wale, maji yale yale, na ujuzi ule ule ambao haupo.

Najua mtakalonijibu, kwa sababu nimeshajibiwa. Usiku ule wa sherehe niliandika kwenye kundi letu: kwamba mzee hajui kuogelea, kwamba hana jaketi, na kwamba msimu ujao kila mmoja amfundishe mtu mmoja kuelea. Nilipata vidole gumba viwili. Mtu mmoja akaandika, "Tusiharibu siku." Mweka hazina akauliza nani atalipa. Asubuhi yake, mada ilikuwa miwani.

La kwanza, basi: "Sisi ni klabu, si shirika la msaada." Sawa. Lakini tulipotafuta wadhamini tuliandika nini? Tuliandika kwamba tunaendeleza kuogelea Pwani. Tumeendeleza kwa nani? Mwaka wa kwanza tulikuwa 15, sasa tuko 19, na wengi wetu ni marafiki wa marafiki, tumeletana kutoka ofisi moja hadi nyingine. Klabu inayokua kwa watu wanne na kamba moja haijaendeleza kitu. Imejiburudisha, na kujiburudisha ni halali, ila tuseme hivyo.

La pili: "Watu wana njaa, wewe unaleta hadithi za kuogelea." Hili linatoka kwa watu wenye nia njema, ndiyo maana linanikera zaidi. Anayekufa maji ni nani? Ni mvuvi aliyetoka kwa sababu ya hiyo njaa. Ni msichana aliyetumwa mtoni na mtungi. Ni mtoto wa mtaani aliyeingia shimo la machimbo. Mwenye bwawa nyumbani hafi kwenye machimbo. Ukisema kuogelea ni anasa, umekubaliana na mwenye geti bila yeye kutoa jasho.

La tatu: "Mkiwafundisha watapata ujasiri wa kwenda vilindini." Bangladesh walishajibu hili. Huko watoto wa vijijini wengi wanafundishwa kuogelea katika madimbwi ya kawaida yaliyojengewa majukwaa ya mianzi, na waliofundishwa wamefariki kwa maji kwa uchache sana kuliko wasiofundishwa. Hakuna vigae vya buluu pale wala klabu. Kuna dimbwi, mianzi na mtu mzima anayejua. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kuokoa kwa njia salama.

La nne, la heshima na mavazi: "Mabinti zetu hawawezi kuvaa hivyo." Asiyetaka kuvaa chupi ya kuogelea asivae. Vuka maji uende Nungwi, Unguja. Mradi wa Panje umewafundisha wanawake na wasichana wa Kiislamu kuogelea, wamevaa mavazi ya kuwasitiri kutoka kichwani hadi miguuni, walimu ni wanawake, na vifaa vya kuelea ni madumu matupu ya plastiki. Picha zao alizopiga Anna Boyiazis zilishinda tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Mkisema haiwezekani Mombasa, nieleze Nungwi ina nini ambacho Kisauni haina. Madumu tunayo.

Naona mnafikiri nataka kufuta sherehe. La hasha. Furaha si kosa. Mtu aliyetoka kuogopa beseni hadi kuvuka kilomita 4 za bahari ana haki ya kula keki mpaka atosheke. Ninalopinga ni kile tunachohesabu. Tulisimama pale tukasomewa kilomita: huyu 60 msimu huu, yule 85, makofi. Kilomita zetu hazimfai mtu yeyote. Zimeishia kwenye saa zetu za mkononi. Ukiwa mbio za barabarani, sawa, watazamaji wote wanajua kutembea. Bahari ni tofauti. Hapa mwenye ujuzi anafanya mazoezi mbele ya watu ambao ukosefu wa ujuzi huo huo unaweza kuwaua Jumanne. Ni kama kula hadharani mwezi wa njaa na kujipongeza kwa kasi ya kutafuna.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayodai kabla ya kaskazi ijayo, na nayadai kwa jina langu.

Jaketi la kuokolea kwa mzee kwanza, kabla ya kofia mpya na fulana mpya. Bei yake tuliila kwa keki. Tena alipwe kwa siku kama mfanyakazi, si kwa "asante babu" na sahani ya mwisho.

Medali asipewe mtu kwa kilomita. Apewe aliyemfundisha mtu mmoja kuelea chali kwa dakika nzima, kugeuka, na kurudi ukingoni. Dakika moja tu. Simwombi mtu azalishe mabingwa. Dakika moja juu ya maji ni muda wa mtu kutupa kamba, dumu, tyubu, chochote. Binamu yangu alihitaji dakika moja. Sisi ukingoni tulikuwa na kamba ya kufungia kuni.

Na sherehe ihamie Pirates. Mkiogopa wizi, tutakaa kwa zamu kulinda mikoba. Mkiogopa kelele, mtazoea. Mishkaki ya pale ni mizuri kuliko ile tuliyopikiwa, hilo kila mtu anajua na hakuna aliyelisema.

Kama haya ni mengi mno, basi tuache kujiita watu wa bahari. Tujiite watu wa bustani wenye kofia.

Jumanne nilirudi Bamburi. Bamvua ilikuwa imepita, maji mafu, bahari imetulia na karibu na ufuo inafika kifuani tu. Nilimkuta mzee anashona wavu, na mjukuu wake wa miaka tisa anamsumbua. Nilimwambia nimekuja kulipa deni.

"Deni gani?"

"La msimu. Nataka kukufunza kuelea."

Akanitazama vile wazee wanavyomtazama mtu wa bara aliyeshikwa na jua. "Mie nimezeeka. Mfunze huyu."

"Nitamfunza huyu na wewe."

Mjukuu alielea ndani ya robo saa, watoto hawana cha kubeba. Mzee alichukua muda zaidi. Alitoa kofia yake akaiweka juu ya ngalawa, akaingia na kanzu fupi ya kazi, akasema bismillahi, na nilipomweka mkono mgongoni alinishika mkono mwingine kwa nguvu hadi kucha zikaacha alama. Mtu aliyekaa juu ya maji haya maisha yake yote alikuwa anatetemeka ndani ya maji ya kifua. Nilimwambia atazame mbingu, alegeze shingo, apumue kama anayelala. Mara tano alizama na kusimama akikohoa, mjukuu akicheka, yeye akimtukana kwa upole. Mara ya sita niliondoa mkono bila kumwambia. Nilihesabu moyoni. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kisha akagundua, akashtuka, akasimama.

Hakusema kitu kwa muda. Alijipangusa uso, akaangalia ule upande wa mwamba ambako huvua.

"Tena," akasema.

Alhamisi tulifika kumi na moja. Leo Jumapili hakuna mazoezi, msimu umefungwa, na mimi naelekea ufuoni. Kusi ikishika hatutakuwa na maji ya kufundishia kwa miezi kadhaa, kwa hivyo siku ni chache. Kama uko Mombasa na unajua kuelea, njoo ushike mgongo wa mtu. Kama hujui, njoo pia. Pitia njia ya umma.